Kura Yako ya Kwanza Kenya: Kutoka Kitambulisho Hadi Fomu ya Mlangoni

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027. Tarehe hiyo imo ndani ya Katiba: Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Ni mpangilio unaomfaa sana mtu anayepiga kura kwa mara ya kwanza, kwa sababu anaijua siku mapema na anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Vijana wengi wanaokosa kura huikosa miezi kadhaa kabla ya Agosti, kwenye foleni ya kitambulisho, au kwa kujiandikisha mahali ambapo hawatakuwepo siku ikifika, au kwa kutokagua jina lao. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu miezi hiyo.

Hakuna sheria Kenya inayomtoza faini asiyepiga kura. Ni haki, na wajibu wake unatokana na uzito wa hesabu. Mwaka 2022 sajili ilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Kura halali za urais zilikuwa milioni 14.2 hivi. William Ruto alipata 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti yao ni kura 233,211, na vituo vya kupigia kura vilikuwa 46,229. Gawanya, utapata wastani wa kura tano kwa kila kituo. Isitoshe, mshindi wa urais hushinda duru ya kwanza akipita nusu ya kura zote na kupata angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Nusu ile ilivukwa kwa kura zipatazo 69,000, yaani chini ya kura mbili kwa kituo. Kura zilizokataliwa kwa sababu karatasi iliharibiwa au haikueleweka zilikuwa 113,614. Waliojiandikisha na wasitokee walikuwa zaidi ya milioni saba. Anayesema kura yake haina uzito azitazame tarakimu hizo tena.

Hesabu ya kurudi nyuma

Sheria ya Uchaguzi inafunga usajili siku 60 kabla ya uchaguzi mkuu. Kwa uchaguzi wa 2027, hiyo ni karibu tarehe 11 Juni. Kuhamisha kituo kunafungwa mapema zaidi, siku 90 kabla, yaani karibu tarehe 12 Mei. Chukua tarehe hizi kama ukuta wa mwisho, kwa maana Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, huweza kutangaza tarehe ya mapema zaidi ili ipate nafasi ya kukagua sajili. Mtu mwenye busara anamaliza kila kitu kabla ya Aprili.

Ili ujiandikishe lazima uwe raia, uwe umetimiza miaka 18, na uwe na kitambulisho cha kitaifa au pasipoti ya Kenya ambayo haijaisha muda. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. Anayetimiza miaka 18 tarehe 1 Julai 2027 atakuwa mtu mzima siku ya kura, lakini hatakuwa kwenye sajili, kwa hiyo hatapiga. Anayetimiza mwezi Mei ana wiki chache tu za kuomba kitambulisho, kukisubiri, kukichukua na kujiandikisha. Anaweza kufaulu kama ataomba katika wiki ya kuzaliwa kwake. Akisubiri shule zifungwe amechelewa.

Maombi ya kitambulisho hufanywa ofisi ya usajili wa watu, Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali), au kupitia chifu wa eneo lako. Beba cheti cha kuzaliwa, vitambulisho vya wazazi pamoja na nakala zake, na cheti cha shule ikiwa unacho. Kama mzazi amefariki beba cheti cha kifo. Kabla hujaondoka nyumbani, linganisha herufi za jina lako kwenye cheti cha kuzaliwa na kwenye cheti cha shule. Kama kimoja kinasema Mohamed na kingine Muhammad, au jina la ukoo lipo hapa na kule halipo, litatue kwanza, kwa sababu karani atakurudisha, na safari ya pili inakula wiki.

Utapewa karatasi ya kusubiri. Karatasi hiyo haiandikishi mpiga kura, na siku ya uchaguzi haipigi kura. Ihifadhi kwa sababu ndiyo utakayochukulia kitambulisho, kisha ufuatilie. Vitambulisho vingi hukaa ofisini bila kuchukuliwa kwa sababu mwenyewe anasubiri kupigiwa simu. Baada ya wiki tatu hivi nenda ukaulize kwenye ofisi ileile uliyoombea, na urudi tena ukiambiwa bado.

Ujiandikishe wapi?

Watu hupita swali hili mbio, ingawa ndilo linaloamua kama kweli utapiga kura. Katiba inaruhusu kujiandikisha kituo kimoja tu, na siku ya uchaguzi huwezi kupiga kura kwingine. Kwa hiyo jiulize: tarehe 10 Agosti 2027 asubuhi, nitaamka wapi?

Mwanafunzi wa chuo aliyejiandikisha karibu na hosteli atakuwa likizoni nyumbani. Kijana anayefanya kazi Nairobi aliyejiandikisha kijijini kwao Siaya au Kitui atahitaji nauli ya kwenda na kurudi, katika wiki ambayo nauli hupanda. Wengine husafiri kwa moyo wote, na ni vizuri. Lakini kama kila mwezi unahesabu shilingi, jiandikishe mahali unapoweza kufika kwa miguu.

Kuna sababu nyingine ya kuchagua mahali unapoishi. Kati ya karatasi sita utakazopewa, tano zinahusu mahali: gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Mfereji ulio mlangoni kwako, barabara ya murram unayoikanyaga kila siku, zahanati unayompeleka mtoto, vinaamuliwa na kaunti unayoishi. Ukipiga kura kilomita 400 kutoka hapo, umewachagulia wengine mwakilishi wao, na wako umewaachia majirani.

Ukishajiandikisha ukahama, usijiandikishe upya. Kujiandikisha mara mbili ni kosa, na alama za vidole hulifichua. Omba kuhamisha kituo, kwenye ofisi ya IEBC ya eneobunge unalohamia, ukiwa na kitambulisho chako.

Mbele ya karani wa usajili

IEBC ina ofisi katika maeneobunge yote 290, na usajili huendelea humo mwaka mzima isipokuwa katika vipindi vilivyofungwa kisheria. Wakati wa usajili wa halaiki makarani hushuka hadi kwenye wadi, wakakaa shuleni, sokoni au kwenye uwanja wa chifu. Kote ni bure. Yeyote anayedai ada ya kukuandikisha anakuibia.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache. Karani anachukua kitambulisho, anaingiza maelezo kwenye kifaa cha kielektroniki kinachoitwa KIEMS, anapiga picha ya uso na kuchukua alama za vidole. Kisha unapewa stakabadhi.

Ukijiandikishia ofisini, taja kwa jina shule au ukumbi unaotaka kupigia kura. Eneobunge moja lina vituo vingi, na karani asiyeambiwa anaweza kukuweka kituo kilicho upande wa pili wa mto. Sema wadi, sema shule, kisha usome alichoandika.

Vidole navyo vinahitaji uangalizi. Mtu anayechanganya saruji, anayechuma chai, anayevua samaki, au anayefua kwa sabuni kali kila siku, ngozi ya ncha za vidole huwa imelika, na mistari yake haisomeki vizuri. Hina na piko mbichi, mafuta ya kujipaka, na jasho hufanya vivyo hivyo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa kwa kitambaa, kisha ubonyeze kidole bapa bila kukiburuta. Kikikataa, mwombe karani arudie kwa utulivu. Alama mbovu iliyochukuliwa leo itakusumbua mlangoni mwa kituo 2027, wakati watu mia wako nyuma yako.

Kabla ya kuondoka soma stakabadhi mstari kwa mstari: majina matatu, nambari ya kitambulisho, tarehe ya kuzaliwa, kaunti, eneobunge, wadi, kituo. Kosa la tarakimu moja kwenye nambari ya kitambulisho ni dogo likisahihishwa palepale, na ni balaa likigunduliwa Agosti. Piga picha stakabadhi hiyo ubaki nayo kwenye simu.

Kukagua jina

Kabla ya kila uchaguzi mkuu IEBC hufungua kipindi cha wananchi kukagua maelezo yao kwenye sajili. Mwaka 2022 ungeweza kutuma nambari ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwenda 70000, au kuangalia kwenye tovuti ya Tume, au kwenda kituoni kukaguliwa kwa kidole. Njia za 2027 zitatangazwa. Zitumie mara zinapofunguliwa, maana kusudi la kipindi hicho ni kurekebisha makosa. Jina lisiloonekana, tarehe iliyokosewa, kituo usichokijua: peleka malalamiko ofisi ya eneobunge ukiwa na stakabadhi yako. Kipindi kikifungwa, huruma ya karani haitoshi.

Karatasi sita, kazi sita

Mpiga kura mpya huja na jina moja kichwani, la urais, kisha anakuta karatasi nyingine tano mkononi. Matokeo yake ni kubahatisha, au kufuata rangi ya chama kutoka juu hadi chini. Hakuna ubaya wa kumchagua mtu wa chama chako ikiwa umemchunguza. Ubaya ni kutojua unamwajiri afanye kazi gani.

Gavana anaendesha serikali ya kaunti: hospitali za kaunti na zahanati, chekechea, masoko, barabara za kaunti, maji. Ukilalamika kwamba zahanati haina dawa, huyu ndiye wa kuulizwa. Karatasi yake humbeba na naibu wake, kwa hiyo unawachagua wawili kwa alama moja.

Mwakilishi wadi hukaa kwenye bunge la kaunti. Hupitisha bajeti ya kaunti na kumkagua gavana. Kati ya wote sita ndiye aliye karibu nawe kuliko wengine, na ndiye anayeulizwa maswali machache kuliko wote. Kenya ina wadi 1,450, na katika nyingi mshindi hupatikana kwa kura chache mno. Kundi la vijana arobaini wa mtaa mmoja waliojiandikisha pamoja linaweza kumfanya mwaniaji wa wadi aje kuwasikiliza. Muulizeni alihudhuria mkutano gani wa bajeti, mradi gani wa wadi umekwama na kwa nini.

Mbunge wa eneobunge hutunga sheria za nchi na kupitisha kodi na bajeti ya taifa. Mwakilishi wa wanawake wa kaunti hukaa bunge hilohilo na kupiga kura humo sawa na mbunge, ila anachaguliwa na kaunti nzima. Wanaume pia humpigia kura, jambo ambalo kila uchaguzi kuna anayeliuliza foleni. Seneta analinda maslahi ya kaunti kule Nairobi, hasa mgao wa fedha zinazokwenda kaunti, na gavana huitwa mbele ya Seneti kueleza alivyozitumia. Rais unamjua.

Wiki mbili kabla ya siku, andika majina sita kwenye kipande cha karatasi, na kando ya kila jina alama ya chama au ya mgombea huru. Karatasi nyingine za kura huwa ndefu, majina yanafanana, na unasimama pale umebanwa na foleni. Kijikaratasi hicho ni kwa macho yako tu. Usikionyeshe foleni, na usikiache kijumbani, yaani kwenye kibanda cha kupigia kura.

Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliyekuwa kwenye foleni saa kumi na moja anaruhusiwa kupiga kura hata giza likiingia, kwa hiyo usitoke kwenye mstari kwa sababu mtu amesema muda umekwisha. Kituo kikichelewa kufunguliwa, msimamizi wa kituo anapaswa kufidia muda uliopotea.

Beba kitu kimoja cha lazima: hati ileile uliyojiandikishia. Uliyetumia pasipoti njoo na pasipoti, uliyetumia kitambulisho njoo nacho. Nakala, picha kwenye simu, karatasi ya polisi ya kuripoti kupotelewa, karatasi ya kusubiri, vyote havitoshi. Kitambulisho kikipotea mwezi Mei omba kingine siku hiyohiyo. Chukua pia maji, kofia au mwavuli, na kitu cha kutafuna, kwani foleni ya saa tatu si ajabu. Fulana na kofia ya chama iache nyumbani. Kampeni hukoma saa 48 kabla ya kura, na kuvaa nembo ya mwaniaji kituoni kutakuletea ugomvi na walinzi bila sababu.

Shule moja inaweza kuwa na vituo kadhaa ndani yake, kwa sababu sheria inaweka ukomo wa wapiga kura 700 kwa kituo. Majina hugawanywa kwa alfabeti, na kila chumba kina mlango na foleni yake. Hapa watu hupoteza saa nzima: anajiunga na foleni ndefu, anafika mezani, anaambiwa hayumo, aende chumba cha tatu. Ukifika tu, kabla ya kusimama popote, tafuta orodha iliyobandikwa ukutani au muulize karani wa langoni, ukimwonyesha kitambulisho. Wazee, wajawazito, wanaonyonyesha na wenye ulemavu hupewa nafasi ya mbele. Kama uko na mama yako aliyechoka, mwambie karani.

Mlangoni karani wa utambuzi atachukua hati yako na kukuambia uweke kidole kwenye kifaa. Picha yako ikitokea kwenye kioo, umetambuliwa. Kidole kikikataa, usiondoke. Kuna utaratibu: karani hutafuta jina kwa nambari ya kitambulisho, na fomu maalum inajazwa mbele ya mawakala wa wawaniaji. Kifaa chenyewe kikifa kabisa, kuna sajili iliyochapishwa inayoweza kutumika kwa idhini ya Tume, kama ilivyotokea 2022 katika baadhi ya vituo vya Kakamega na Makueni. Anayekwambia "mashine imekukataa, nenda nyumbani" anakosea. Sema kwa heshima kwamba unaomba kumwona msimamizi wa kituo.

Kijumbani

Utapewa karatasi sita zenye muhuri. Kabla ya kusogea, zigeuze uone kama kila moja ina muhuri huo, kwa sababu karatasi isiyo na alama rasmi haitahesabiwa, na kosa si lako. Ikikosekana mrudishie karani hapohapo.

Kidole chako kitapakwa wino usiofutika. Kama umepakwa kabla ya kuingia kijumbani, subiri ukauke. Wino mbichi ukigusa karatasi unaweka doa, na doa likikaa kwenye kisanduku cha mwaniaji mwingine, wakala atalibishania jioni. Shika karatasi kwa mkono usio na wino.

Ndani, weka karatasi moja mbele yako na nyingine tano kando, zimefunikwa. Soma kichwa cha karatasi kwanza ujue ni ya cheo gani. Tafuta jina, hakikisha kwa alama ya chama, kisha fuata mstari kwa kidole hadi kwenye kisanduku kitupu cha mtu huyo. Weka alama moja ndani ya kisanduku: msalaba au vema. Alama ya kidole gumba pia hukubalika ikionyesha wazi uliyemchagua. Usivuke mstari. Inua mkono, tazama tena, kunja upande wa maandishi uwe ndani, halafu ndipo uchukue ya pili.

Kura hukataliwa kwa sababu chache zinazojulikana: alama kwa wawaniaji wawili kwenye karatasi moja, karatasi tupu, maandishi au alama isiyoeleweka imeangukia kwa nani, na chochote kinachomtambulisha mpiga kura. Kuandika jina lako, kutia sahihi, au kuandika "ndiyo" kwa mmoja na "hapana" kwa wengine ni njia ya kupoteza kura yako. Alama iliyotoka kidogo nje ya kisanduku haitupwi ikiwa nia iko wazi, lakini usiwape mawakala kazi hiyo.

Ukikosea, tulia. Usifute, usikwangue, wala usiitumbukize. Ikunje, mrudishie msimamizi wa kituo, useme imeharibika, nawe utapewa nyingine. Haki hiyo inakoma karatasi ikishaingia kwenye sanduku.

Nje ya kijumba kuna masanduku sita yenye vifuniko vya rangi. Karatasi ya urais ni nyeupe na kifuniko cha sanduku lake ni cheupe. Nyingine nazo hulingana hivyohivyo. Tumbukiza moja moja ukilinganisha rangi. Wanaozishika zote sita pamoja na kuzisukuma kwenye sanduku la karibu ndio wanaozua mabishano wakati wa kuhesabu.

Asiyeweza kusoma, asiyeona, au asiyeweza kushika kalamu ana haki ya kusaidiwa na mtu mzima anayemwamini, ambaye hutia sahihi kwamba ataweka siri. Msaidizi huyo humsaidia mtu mmoja tu. Kama mpiga kura amekuja peke yake, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Kwa hiyo, kijana, ukiombwa na bibi yako umsaidie, alama ni ya bibi. Msomee majina yote, usimsomee unalolitaka wewe.

Hongo na picha ya simu

Mtu atakuja na noti ya mia mbili au mia tano, au kilo ya unga. Siku hizi anaongeza sharti: piga picha karatasi yako uniletee. Chini ya Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, anayetoa na anayepokea wote wametenda kosa. Kura ni ya siri, na kuipiga picha kijumbani ni kuivunja siri hiyo kwa mkono wako. Zima simu, itie mfukoni. Mwenye hongo akikwambia ana njia ya kujua ulivyopiga, anakutisha tu: karatasi haina jina lako, na mara inapoingia sandukuni imechanganyika na mamia ya wenzake.

Wengine hununua au kukodi vitambulisho vya vijana ili wasipige kura kabisa. Mwenye kumpa mtu kitambulisho chake, hata kwa siku moja, ni kama amekwisha kuondolewa kwenye sajili bila kufutwa. Kuna pia wanaoeneza habari kwamba kura imeahirishwa au kituo kimehamishwa. Habari kama hiyo ithibitishe kwa Tume yenyewe au redio unayoiamini kabla hujaituma kwa mtu mwingine.

Wakenya walio nje

Mwaka 2022 Wakenya walipiga kura katika nchi 12, zikiwemo Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi, Uingereza, Marekani, Qatar na Umoja wa Falme za Kiarabu. Walipiga ya urais peke yake. Kama unafanya kazi Dubai au unasoma Dar es Salaam, uliza ubalozi mapema ni lini makarani watafika, kwa sababu usajili huko huwa wa wiki chache tu na vituo ni vichache kwa nchi nzima.

Baada ya kutumbukiza

Ondoka kituoni kwa utulivu, lakini jua kinachoendelea nyuma yako. Kura huhesabiwa kituoni humohumo baada ya kufungwa, ya urais kwanza, mbele ya mawakala na waangalizi. Msimamizi anainua kila karatasi na kutaja jina. Matokeo ya urais hujazwa kwenye Fomu 34A, mawakala hutia sahihi, nakala moja hubandikwa mlangoni, na picha yake hutumwa kwa Tume. Mahakama zimeshikilia kwamba matokeo yanayotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Umuhimu wa fomu hizi ulionekana wazi tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jinsi matokeo yalivyopitishwa na kuthibitishwa. Mwaka 2022 fomu hizo ziliwekwa wazi mtandaoni, kila raia akaweza kujumlisha mwenyewe.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumatano, tarehe 11, rudi kwenye shule uliyopigia kura. Tafuta mlango wa chumba chako. Soma jina la kituo na namba yake juu ya fomu, idadi ya walioandikishwa, kura halali, zilizokataliwa, na kura za kila mwaniaji. Ipige picha ikiwa imenyooka, tarakimu zote zisomeke. Matokeo yanapoanza kuingia kwenye tovuti ya Tume, fungua fomu ya kituo chako, uilinganishe na ile iliyo kwenye simu yako tarakimu kwa tarakimu. Zikitofautiana, peleka picha yako kwa wakala wa mwaniaji yeyote au kwa waangalizi siku hiyohiyo, kwa sababu anayetaka kupinga matokeo ya urais ana siku saba tu za kufika Mahakama ya Juu baada ya kutangazwa.